Mwanangu Yuko Chini ya Ukumbi wa Michezo

Admin, nifichie jina tafadhali, maana huku Ruangwa tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nina mume na binti mmoja, nimwite Zai. Nafanya usafi kwenye ukumbi mpya wa mjini, ule mkubwa wenye paa, wanaochezea netiboli na ngumi, na wikiendi wasanii wanakuja kuimba. Kila mtu anausifu, mimi unanimaliza.

Kabla ya Zai nilizaa mtoto wa kiume, akatoka hakulia, ameshafariki. Kwetu mtoto wa hivyo wanazika wanawake tu, na mwanaume haonyeshwi mahali. Bibi yangu ndiye aliyenizalisha, akamzika chini ya mkorosho kwenye shamba letu, akaniambia nisimwonyeshe baba yake hata tukizeeka. Hakuweka jiwe wala kijiti. Mume wangu hakuuliza, na mimi nikanyamaza.

Bibi akafariki, miaka ikaenda, shamba likachaguliwa kujengwa ukumbi. Wakaja watu kuandika makaburi ili yahamishwe, wakawauliza wanaume. Mume wangu akawaonyesha la baba yake na la shangazi yake, kisha akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama yule mtoto naye yuko humo. Nikaona majembe, nikaona vijana wamesimama wanachezea simu zao, nikawaza watamfukua mwanangu mbele za watu na labda wasikute hata cha kushika. Nikamwambia bibi alimpeleka kwao Mkotokuyana, kule Nachingwea. Akarudi kwa wale waandikaji akaapa kwamba hakuna kaburi lililobaki. Hasira zangu zote ni kwangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Ujenzi ulipoanza mume wangu akapata kibarua cha zege. Sakafu ile kaimwaga yeye na wenzake, na mpaka leo wageni wakija anajisifu nayo.

Mimi nikaomba kazi ya usafi ili nisiwe mbali. Nilihesabu hatua kutoka barabarani, napajua, ni karibu na goli la upande wa kulia. Pale napiga deki nikiwa peku. Msimamizi hunitania kwamba labda nimeona dhahabu, nami nacheka naye. Lakini spika zikianza kudunda na watu wakaruka, matiti yananiuma kama siku ile maziwa yalipokuja na hakuna wa kunyonya. Nasikia naitwa mama katikati ya kelele, nageuka, hakuna anayeniangalia. Zai naye anacheza palepale. Akifunga goli ananitafuta jukwaani, kumbe nimejifungia stoo na ndoo zangu.

Sasa tangu presha imlaze, mume wangu amekuwa mtu wa dua. Juzi baada ya kula akaniambia, "Mama Zai, nimeongea na bodaboda. Jumapili twende Mkotokuyana nikamsomee mwanangu. Sijawahi hata kumsalimia."

Nikamwambia njia ni mbaya na yeye ni mgonjwa. Akasema atajikaza. Kanzu ameshaifua.

Nikimpeleka, atalia juu ya ardhi isiyo na mtu. Nikimwambia ukweli, atajua alimfunika mwanaye kwa zege kwa mikono yake na kuapa juu yake, na presha ile naiogopa. Jana aliniuliza mtoto alifanana na nani. Nikamjibu, na wewe. Akafurahi mpaka akatoka nje kufuta machozi.

Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu nishaurini, nimwambie au nipande bodaboda?