Picha ya Nyota ya Mkia

Miaka michache baada ya vita, nyota ya mkia ilitokea mashariki kabla ya alfajiri, na Mji wa Kale mzima ukawa unapanda mapaani kuitazama. Mume wangu alikuwa mpiga picha, mwenye duka lake. Akaapa kuipiga kwa kamera yake ya miguu mitatu, ile ya kujifunika kitambaa cheusi na kutazama kioo cha ukungu kilicho nyuma.

Siku tatu alitoka na picha mbovu. Lenzi aliisogeza hadi alama ya vitu vya mbali kabisa, akaiacha hapo. Nyota zikatoka zimevimba kama matone ya samli. Macho yake yalikuwa yamechoka, na miwani hakuitaka. Nikamwambia kwa adabu, "Bwana, alama ile si ya kuaminiwa. Tuitazame Zuhura, nyota ile ing'aayo alfajiri, kwa kioo chako cha kukuzia, turudishe lenzi kidogo kidogo mpaka iwe ncha ya sindano."

Akaniuliza tangu lini jiko likalifunza duka kazi.

Siku ya nne, tukiwa juu ya paa, adhana ya alfajiri ilipolia, alishuka kwenda msikitini, akaniachia kamera niikunje. Sikuikunja. Nikajifunika kitambaa, nikaielekeza kwa Zuhura. Nukta ilikuwa nene. Nikarudisha lenzi upana wa ukucha, ikapungua. Nikazidisha, ikavimba tena. Nikatafuta katikati, nikakaza skrubu. Kisha nikaigeuzia nyota ya mkia, nikatia filamu, nikafungua lenzi, nikahesabu hadi ishirini.

Alipoisafisha filamu ile, mkia ulionekana unywele kwa unywele. Nikamweleza nilichofanya.

Jioni, nikiwa nyuma ya mlango nikipanga vikombe vya kahawa, nilimsikia barazani akiwasimulia kaka zangu wa tumbo moja jinsi alivyohangaika kuipata ncha ya Zuhura. Maneno yalikuwa yangu yote, hata ile sindano.

Wageni walipoondoka nikamuuliza kwa nini. Akasema bila hasira, "Ulitaka niwaambie watu kwamba sioni?"

Picha ikatundikwa dukani. Kamera hakuileta tena nyumbani. Nilimzalia watoto wanne, nikamuuguza alipopofuka kabisa, nikamshika mkono mpaka akafa. Matangani watu walimsifu kwa jicho lake kali, nami nikaitikia. Kila Ijumaa namwombea maghufira kwa Mola. Mimi mwenyewe sijamsamehe.