Kitambi cha Mtoza Kodi

Shemeji yangu ana kitambi, na nalisema hilo mapema kwa sababu bila kitambi hicho nisingekuwa na la kusimulia. Si cha kutisha. Ni kitambi cha mtu aliyekaa kitini miaka nenda miaka rudi akisoma habari za marehemu. Mlangoni kinatangulia chenyewe, halafu ndiyo mwenyewe anaingia. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, amekipiga vita kwa kila silaha aliyonayo, na kila mara ameshindwa.

Mimi ni daktari wa meno. Nakaa nao, chumba cha uani, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu. Yeye ni mwalimu wa historia chuoni, na anachokichimba ni mavazi: dola za zamani ziliwavalisha watu nini, ziliwavua nini, vitambaa vilipita mikononi mwa wafanyabiashara gani hadi vikafika mwilini mwa mtu. Ni kazi nzuri, lakini kuishi nayo nyumba moja kunataka moyo. Mgeni anatoa mkono wa salamu, yeye anamshika ukosi wa shati na kumuuliza kama anajua ukosi ulianzia wapi. Harusini hamtazami bibi harusi, anatazama shela. Siku moja alikuja kwangu kung'olewa jino, mdomo wazi, sindano imeshaingia, bado anataka kujua nani aliamua madaktari wavae nyeupe. Nilimng'oa haraka kuliko kawaida.

Kwa muda mrefu alikuwa anaandika kitabu juu ya watu wadogo waliofanya kazi kwa ajili ya dola kubwa: makarani, matarishi, wakalimani, watoza kodi. Sura aliyoipenda kama mtoto wa kumzaa ilikuwa ya nne. Aliipata kwenye kaseti moja ya maktaba ya chuo, ambamo bibi mmoja aliyekula chumvi nyingi anamkumbuka baba yake, aliyekuwa mtoza kodi. Shemeji alikuwa amekariri maneno ya yule bibi, na alitusomea mezani hadi na sisi tukayakariri. Baba alipopewa kazi na wakubwa ndipo alipopata kitambi, kabla ya hapo hakuwa nacho. Watu wakikiona kitambi kwa mbali wanaingia ndani. Siku alipofukuzwa kazi, kitambi nacho kikaenda.

Kutokana na maneno hayo alijenga hoja ndefu na nzuri sana. Alisema dola ilimlisha mtumishi wake hadharani ili wenye njaa waone. Tumbo lenyewe, alisema, lilikuwa ni sare, vazi ambalo halishonwi. Sura akaipa jina la "Tumbo la Dola". Wenzake chuoni waliipigia makofi, hata yule mwenzake tuliyemwita Kamusi, mtu ambaye hajapata kumsikiliza mwanadamu yeyote hadi mwisho wa sentensi bila kumsahihisha. Na nyumbani hoja ile ilikuwa ngao. Dada akimwondolea wali wa pili, shemeji anajipapasa tumbo na kumwambia asiingilie historia. Dada alikuwa akiichukia ile sura kama mke mwenza.

Sasa chuo kikataka kumpa uprofesa. Kilichobaki ni kusimama mbele ya jopo na wahadhiri wote, aeleze sura hiyo ya nne, wamuulize maswali, kisha waamue. Cheo hicho kilikuwa kimempita mara mbili, na safari hii ilikuwa ya mwisho kabla hajastaafu. Dada alikuwa ameshampelekea fundi suti ilegezwe kiunoni, shingo upande, lakini alipeleka.

Jumamosi kabla ya siku yenyewe tulikuwa mezani baada ya chakula cha mchana. Shemeji alikuwa ameazima kaseti ili alisikilizishe jopo ile sauti, na alikuwa anaijaribu kwenye redio yetu kongwe. Redio ikaula mkanda. Shemeji akapauka. Akauchomoa taratibu, akaunyoosha kwa vidole, akaurudisha ndani kwa kuzungusha kalamu kwenye tundu, na alipoirudisha kaseti redioni aliitia upande wa pili bila kujua. Sisi sote tulijua upande wa pili ni mtupu. Kwenye ganda pameandikwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuhakikisha.

Haukuwa mtupu. Bibi aliendelea pale pale alipoishia.

"Kila wiki mama alikifua kitambi cha baba," bibi akasema, "akakianika kwenye kamba, na sisi watoto tulikatazwa kukishika kwa mikono michafu."

Dada alikuwa anakunywa maji. Yakamtokea puani. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma, maana nilishamwona yule mzee amesimama uani anasubiri tumbo likauke. Bibi wa watu akaendelea bila habari na sisi. Kitambi kilikuwa cha hariri, chenye mistari myekundu. Kililetwa na wafanyabiashara kutoka mbali. Wakubwa walimfunga baba kitambi hicho kiunoni siku waliyompa kazi, na siku ya kumfukuza walimfungua mbele ya watu aliokuwa akiwatoza, akarudi nyumbani kashika nguo yake ya ndani isimdondoke. Hapo sauti ya bibi ilikwama kidogo, na sisi tukaacha kucheka.

Shemeji alizima redio. Kitambi ni nguo ya kujifunga kiunoni, alisema, kila kamusi ya zamani inayo maana hiyo, na yeye anaijua tangu akiwa mwanafunzi. Aliijua, lakini kila alipomsikia yule bibi alikuwa anajitazama mwenyewe. Mtaalamu wa nguo alikuwa amepewa nguo mkononi, akaona tumbo.

Nilimhurumia kwelikweli. Na kwa kuwa nilimhurumia, nikamshauri vibaya. Nilimwambia aigeuze kaseti upande wake wa siku zote, aende akapate cheo chake, kisha mambo ya nguo atayatafutia nafasi baadaye. Nani atajua? Tuko watatu tu, na mmoja ni mkewe. Dada, ambaye nilidhani atashangilia kifo cha ile sura, alikuwa kamshika mumewe bega.

"Huyu bibi alikuwa anasimulia aibu ya baba yake," shemeji akasema. "Mimi nimemvua yule mzee nguo mara ya pili, nikamvika tumbo langu. Halafu nikapigiwa makofi."

Akaenda chumbani kwake na dada akamfuata, na jioni ile wali wa pili haukuombwa.

Siku ikafika. Nilifunga kliniki nikaenda, nikakaa nyuma na dada, mikono yetu imeshikana kama watoto wanaosubiri sindano. Ukumbi ulijaa. Kamusi alikaa mbele kabisa, kalamu mkononi. Shemeji alipanda jukwaani kavaa suti iliyolegezwa. Hakusalimia kwa urefu kama kawaida yake. Aliwaambia kuwa sura ya nne ni ya makosa tangu jina lake, kisha akabonyeza redio.

Bibi alipofika kwenye kamba ya kuanikia, ukumbi ulipasuka. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mkavu ambaye hata mimi ningeogopa kumng'oa jino, alifunika uso kwa karatasi na mabega yakawa yanatikisika. Shemeji aliwaacha wacheke. Sauti ilipofika kwa mzee kufunguliwa mbele za watu, kicheko kikafa chenyewe. Hapo ndipo akaanza kufundisha. Alieleza jinsi kipande kimoja cha hariri kilivyoweza kumfanya mtu bwana au kumfanya si kitu, na jinsi dola ilivyompa mtumishi wake nguo ambayo haikuwa yake hata siku moja, maana mwenye kufunga ndiye mwenye kufungua. Hakuwa na karatasi. Nimemsikia akizungumzia mavazi miaka yote niliyokaa nao, na siku ile ndiyo nilimsikiliza.

Mwenyekiti akasema jopo haliwezi kutoa cheo kwa sura ambayo mwenyewe ameikana. Iandikwe upya, kisha watatazama, kama muda utaruhusu. Shemeji akashukuru. Dada alinibana mkono hadi pete yake ikanichoma.

Kisha Kamusi akasimama. Nilijua kinachokuja, na nilikuwa tayari kumchukia mpaka kaburini.

"Una uhakika ni nguo?" akauliza.

Shemeji akamjibu kuwa ana uhakika.

"Kwa sababu kitabu changu kimetoka mwezi uliopita," Kamusi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "na hilo tumbo nimelitia humo kama wazo langu."

Hakuna aliyecheka. Mwanamume yule alikuwa anatokwa jasho, kitabu chenyewe kakishika kifuani, jalada linang'aa, na kila mtu ukumbini alikuwa ameelewa alichoiba na kwa nani. Nilimtazama shemeji. Angeweza kummaliza kwa neno moja, na mimi ningelifurahia neno hilo hadi uzeeni.

Alishuka jukwaani, akavuta kiti, akaketi karibu naye, akakichukua kile kitabu mikononi mwake.

"Hata mimi nililiamini," akamwambia. "Nionyeshe ukurasa, ndugu yangu, tuone wapi pa kuanzia."