Firimbi Iliyonigandisha Barabarani

Niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Nimetoka Morogoro kuja kusoma Bunia kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Siku ya kwanza, firimbi ililia, bendera ikapandishwa, barabara nzima ikasimama, hata pikipiki. Mimi peke yangu nikaendelea kutembea huku natafuna andazi. Askari alinifokea mpaka andazi likaniponyoka. Nikaapa sitarudia.

Jumamosi jioni, nikitoka sokoni na mama mwenyeji wangu, firimbi ikalia. Nikaganda palepale, kifua mbele, beseni la sombe, yaani kisamvu, kichwani. Mama akaendelea kutembea, nikamvuta kitenge.

"Weye, iko nini?"

"Simama, Mama. Bendera!"

Watu wakatuzunguka. Nikazidi kukaza shingo, nikijua wanastaajabia mgeni mwenye heshima kuwashinda wenyeji. Mara mpira ukaruka ukuta wa shule, ukanipiga kifuani, sombe yote ikanimwagikia usoni. Hata ukope sikupepesa.

Refa akachungulia juu ya ukuta, firimbi shingoni.

"Pole, dada. Ilikuwa penalti tu. Utupatie mupira yetu."