Khanga kwenye Kamba ya Katani

Mama alikuwa kocha wa timu ya wavu ya wanawake wa chuo, pale Kilosa. Mkuu wa chuo aliivunja timu na kuufungia wavu stoo, eti wanabana matumizi. Wageni wa Mikumi walipofika kucheza, Mama alifunga kamba ya katani kwenye nguzo, akatundika khanga za wachezaji wake.

"Jamani, tunacheza au tunaanua nguo?" wageni wakacheka.

"Anzeni nyie," Mama akasema.

Mkuu akaja amefura. Mama akamwamkia shikamoo, ikabidi aitikie marahaba kwanza. Kabla hajaongeza neno, Mama akawageukia wasichana: "Nani kawaambia msimame?"

Mimi, nisiyethubutu hata kujibu darasani, ndiye niliyekuwa nikiita pointi. Mkuu akaniamuru ninyamaze. Nikaita iliyofuata kwa sauti zaidi.