Trekta la Marehemu Selmer

Kwa miaka thelathini na minane Orval Tesmer alikuwa fundi wa mashine za kukamulia maziwa, na katika kaunti yao huko Wisconsin hakuna mfugaji aliyelitilia shaka neno lake. Akisema pampu imekwisha, basi imekwisha. Akisema inatengenezeka, mwenye ng'ombe anarudi ndani kumalizia chakula chake. Watu walimwamini hivyo, na imani hiyo ndiyo aliyoitumia vibaya.

Alipostaafu alijipatia trekta dogo la bustani la mwaka sitini na mbili, jekundu, alilolikuta nyuma ya duka la vyakula vya mifugo limemezwa na miba. Akalikokota hadi gerejini kwake, akalifungua lote, nati na bolti akazipanga ndani ya makopo ya kahawa. Injini aliifufua. Nyaya akazibadilisha. Kilichomshinda ni giaboksi. Maji yalikuwa yameingia ndani yake, yakaganda majira ya baridi, yakapasua kasha la chuma kutoka juu hadi chini. Alilichomelea, likapasuka tena palepale. Na kiwanda kilichotengeneza matrekta hayo kilikuwa kimefungwa zamani.

Basi akaanza kusaka spea. Alisaka miaka miwili. Aliweka matangazo kwenye magazeti, akazunguka minada ya vyuma vikuukuu mpaka Iowa. Kuna mtu alimtumia giaboksi iliyoviringishwa blanketi kama kichanga. Kuifungua, ina matundu sita ya bolti, wakati yake inataka manane. Mkewe Bernadine alikuwa akimcheka.

"Hivi nikipotea mimi, utanitafuta namna hii?"

"Wewe utarudi mwenyewe. Giaboksi haina miguu."

Ijumaa moja ya Oktoba, watu wakila samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, Orval akasikia meza ya jirani wakisema kwamba Marlys Kvamme bado ana trekta la marehemu mumewe, jekundu, lile la zamani. Samaki alimshinda. Asubuhi ya kesho yake alikuwa mlangoni kwa Marlys.

Marlys alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mkutubi mstaafu, mtu wa maneno machache. Alimkaribisha kahawa na keki ya tufaha, kisha akampeleka bandani na kuondoa turubai.

"Selmer alikuwa akilitumia kusukuma theluji," alisema. "Tangu afariki halijaguswa. Mimi ningependa kujifunza, Orval. Njia yangu ni ndefu, na koleo linanivunja mgongo. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Niambie ukweli tu, linatengenezeka?"

Orval akainama. Akazungusha gurudumu la injini kwa mkono. Likazunguka laini, bila kukwaruza. Akachungulia: betri imekufa, panya wamekula nyaya mbili, kabureta imeganda mafuta. Kazi ya siku moja. Halafu akaangalia nyuma, chini ya kiti, akahesabu bolti. Nane. Kasha halina hata mkwaruzo.

Alisimama, akajifuta mikono, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile aliyoizoea kuwaambia wafugaji.

"Hili limekufa, Marlys. Injini imekaza. Ningekudanganya nikisema vingine."

"Hata wewe huliwezi?"

"Hata mimi. Ukitaka nitakuondolea, upate nafasi bandani."

Marlys aliweka mkono juu ya boneti kidogo, kisha akautoa. "Sawa. Lichukue. Ahsante kwa kunihurumia." Orval alipokuwa akilifunga kwenye pikapu yake, mama yule akamletea chupa ya viazisukari vyekundu vya siki, ampelekee Bernadine.

Nyumbani alisema giaboksi imepatikana Iowa.

Wiki hiyo alilichinja trekta la Selmer. Giaboksi ilikaa mahali pake kana kwamba ilizaliwa humo. Akachukua na usukani, akachukua na boneti, maana ya kwake ilikuwa imeliwa na kutu. Alipoigeuza boneti ili aipige msasa, akakuta upande wa ndani kuna maandishi ya rangi nyeupe, herufi kubwa za mkono unaotetemeka. Selmer aliugua miezi mingi kabla ya kufa. Yalianza hivi: MARLYS. KUKIWA NA BARIDI, KABLA YA KUWASHA, VUTA CHOKI NUSU, USIIVUTE YOTE. HESABU MPAKA KUMI. Yaliendelea, mistari sita au saba.

Orval alikaa juu ya ndoo. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kurudisha kila kitu bandani na kusema alikosea, nani asiyekosea? Lakini rangi mpya haishiki juu ya rangi kuukuu, na alikuwa amekwisha kuona jinsi trekta lake litakavyong'aa. Akachukua msasa. Alisugua kwa mkono mmoja huku akitazama dirishani, mpaka chuma kikawa cheupe.

Agosti iliyofuata, kwenye maonyesho ya kaunti, trekta lake lilipewa utepe wa buluu. Watu walikuwa wakimpiga mabegani. Bernadine alikuwa pembeni na glasi ya maji ya ndimu. Ndipo Marlys akatokea katika umati, akamnyooshea mkono wa kushoto.

"Samahani, wa kulia haujanyooka vizuri. Niliteleza Februari nikitoa theluji, kifundo cha mkono kikavunjika. Kazi nzuri, Orval! Selmer angefurahi kuliona. Hivi lile letu lilikufaa kwa lolote?"

"Kidogo," alisema Orval. "Vitu vidogo vidogo."

"Afadhali. Angalau halikwenda bure."

Alitamani ardhi ipasuke. Bernadine alimtazama Marlys akiondoka, kisha akamgeukia mumewe.

"Lile letu? Wewe si ulisema Iowa?"

Orval alisubiri mpaka wamefika nyumbani. Hapo alimweleza yote, isipokuwa maandishi. Kisha akaona haiwezekani, akamweleza na hayo. Bernadine alikuwa amesimama kwenye sinki. Alifunga bomba.

"Miaka arobaini na nne nimekuwa nikiwaambia watu mume wangu hasemi uongo," alisema. "Usiniangalie mimi. Siyo mimi wa kuombwa msamaha."

Orval alikwenda kwa Marlys siku hiyohiyo, akiwa bado na suti yake ya maonyesho. Hakukaa. Alisema akiwa wima, kofia mkononi, na hakujitetea. Marlys alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo lingewaka."

"Lingewaka siku ileile."

"Na ndani ya boneti aliandika nini?"

Orval akamwambia ile mistari ya mwanzo.

"Halafu?"

"Kitu kuhusu mafuta. Na... na breki, nadhani."

"Unadhani." Sauti yake haikupanda. "Alikuwa akienda bandani kila alasiri wakati wa ugonjwa. Nikimuuliza, ananiambia anafagia. Nilimcheka, Orval. Nilimwambia mtu gani anafagia banda kwa saa nzima. Maneno yalikuwa yangu, ukayasoma wewe, ukayafuta, na hata kuyakumbuka huyakumbuki."

"Chukua trekta langu, Marlys. Lote. Nitalileta kesho."

"Sitaki chako. Nenda nyumbani."

Alikwenda. Aliuondoa utepe ukutani akauficha kwenye droo, kisha akaona kuuficha nako ni ujanja, akaurudisha kwa wasimamizi wa maonyesho na kuwaambia sababu. Kanisani alianza kukaa kiti cha nyuma. Wiki tatu zikapita ndipo simu ikalia.

"Leta chuma changu," alisema Marlys. "Kila kipande, hata nati. Utalifunga hapahapa bandani kwangu, mimi nikitazama. Alhamisi, saa tatu asubuhi."

Basi Orval akalifungua trekta lake la sifa, akatoa giaboksi, usukani na boneti, na lake likabaki mifupa. Alhamisi baada ya Alhamisi alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na Marlys amekaa kwenye kigoda na daftari.

"Hiyo inaitwaje?"

"Fimbo ya klachi."

"Inafanya nini? Usiniambie kwa haraka."

Aliandika kila kitu. Akikosea, alifuta na kuandika upya. Siku nyingine Orval alimpa spana aikaze bolti mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na Orval akishika upande wa pili alikuwa haoni pa kuweka macho. Mara moja tu Marlys alimwuliza, "Ulipokuwa ukiyafuta, ulijua unachofanya?"

"Nilijua."

Marlys akarudi kwenye daftari. Kahawa hakumpa, wala Orval hakuiomba.

Wiki ya pili ya Novemba walilisukuma nje. Marlys alipanda, akafanya kama alivyoandika, injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika. Alikwenda mpaka barabarani na kurudi, polepole, mgongo umenyooka. Alipozima, mashavu yake yalikuwa mekundu kwa baridi, na kwa kitambo kidogo alionekana mtu mwenye furaha. Kisha akamwona Orval amesimama pale.

"Umemaliza," alisema. "Alhamisi usije."

Orval alikusanya vifaa vyake, akaondoka. Njiani aliingia mgahawa wa njia panda; wazee wenzake walikuwa mezani kwao, na mmoja akampigia kelele kabla hajafunga mlango: "Tesmer! Lile trekta lako bingwa liko wapi, mbona tumesikia umelivunja?"

Angeweza kusema spea zimekuwa adimu. Alivuta kiti, akavua kofia.

"Nililiiba kwa mjane," alisema. "Ngojeni niwaambie."