Albamu ya Nne Mbele ya Wakwe

Hii nawaambia nyinyi tu, na mkicheka chekeni polepole, maana mpaka leo nikipita Sosiot, kijijini kwa wakwe zangu, kuna watu huniita Albamu.

Siku ya koito, yaani siku watu wetu walipoenda kwa kina Chebet kuniombea mke, baba mdogo alinionya njiani kwamba kazi yangu ni kukaa, kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na kunyamaza, wazee ndio wataongea. Nikanyamaza vizuri sana mpaka nikaona santuri kwenye kabati, zote za ile bendi ya rock ya zamani ninayoipenda kuliko chakula (hata simu yangu huita kwa gitaa lao). Babake Chebet akaniona ninavyokodoa macho, akaniuliza kama mchezo tu, kati ya albamu zao, bora ni ipi. Si ningesema zote ni nzuri? Nikasema ya nne, halafu, kwa vile mdomo wangu ukifunguka haujui kurudi, nikaongeza kwamba ya pili ni ya kulaza watoto.

Chebet, aliyekuwa anapitisha chai, akafunga macho.

Kumbe mzee humkamua ng'ombe wake wa gredi akimpigia hiyo hiyo ya pili, kila jioni, miaka nenda miaka rudi.

"Saa ya kukamua imefika," akasema akiinuka. "Twende ng'ombe aamue."

Wazee wa pande zote wakajipanga kwenye ua, spika ikawekwa dirishani, na mimi, ili nionekane mkwe wa maana, nikajitolea kukamua nikiwa na suti (ya kuazima, jamani). Sasa, albamu ya nne huanza taratibu, ngoma huingia baadaye. Zilipoingia, ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yote yakaishia kifuani mwangu, akatoka mbio, nami kwa ujinga nikang'ang'ania kamba yake, akaniburuta tumbo chini mpaka ndani ya shamba la majani chai huku baba mdogo akiita jina langu kama mtu anayezika. Nilijua mke nimemkosa, na nilitaka kulia.

Mzee akabadilisha santuri. Wimbo wa kwanza wa ya pili haujafika katikati, ng'ombe akageuka, akarudi zizini mwenyewe, akinivuta nyuma yake.

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akawageukia wazee wake.

"Mpeni msichana. Huyu hata akiburutwa haachi kamba."

Tulioana, na raha ninayo. Ila nimeapa, kwa wakwe albamu bora ni ya pili maisha yangu yote. Ya nne naisikiliza ndani ya gari, madirisha yamefungwa, na nikiona ng'ombe mbele napunguza sauti.