Siku Medali Zangu Zilipofanyiwa Matanga

Haya niliyaficha miaka mingi, na hata sasa masikio yananiwaka, lakini Mama Zuhura, jirani yangu wa wakati ule, ametangulia mbele ya haki na hayupo tena wa kuitia hadithi chumvi, kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe, mcheke mkichoka mnyamaze.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikaa chumba kimoja Shauri Moyo, Nairobi (kimoja kweli, ukigeuka umemaliza kutembea), nimeoa juzijuzi, mke wangu Agneta ana mimba ya miezi saba, nami nina ugonjwa mmoja tu, kukusanya sarafu na medali za ukumbusho, hasa zile zenye miaka miwili, mwaka wa kuanza na mwaka wa kusherehekea. Nilikuwa na ya miaka kumi ya uhuru, 1963–1973, nilikuwa na ya kiwanda chetu kutimiza miaka ishirini na mitano, na ya kwaya ya kanisa, kumi na mitano. Wenzangu walinunua redio, mimi nikanunua vyuma.

Basi mama mkwe akatuma habari kwamba anakuja kutoka Maragoli. Hakuwa anakuja kutembea tu, alitaka kuona kama bintiye anaweza kujifungulia kwangu au amrudishe nyumbani mpaka mtoto atambae, na Agneta aliniambia wazi kwamba mama akisema twende, ataenda. Nikaingiwa na hofu. Nikataka mama aone kwamba hapa anakaa mtu wa maana, nikatoa medali zangu chini ya kitanda, nikazishona kwenye kitambaa cheusi (cha mwavuli uliokufa), upande wa miaka ukitazama watu, nikakitundika ukutani, na chini yake nikapanga maua ya plastiki. Agneta akasema hapapendezi. Nikamjibu kwamba hajui mambo ya mapambo.

Sasa, kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja. Alipofika nikamsalimu kwa mbali, macho chini, nikachukua taulo nikajitia naenda kuoga kwenye lile bafu la pamoja kule nyuma. Agneta naye akatoka kununua samaki. Mama akabaki peke yake na ukuta wangu.

Hakuwa amesoma sana, lakini misalaba ya makaburini kwao aliijua yote: mwaka, kistari, mwaka. Akapiga hesabu. Huyu alikufa na miaka kumi, huyu kumi na mitano, huyu ishirini na mitano, na kitambaa cheusi hiki hapa, na maua. Akaona binti yake ameolewa kwenye ukoo usiofikisha mtu thelathini, akaweka mikono kichwani akapiga mayowe.

Na mayowe hayaulizwi. Mtu akilia unalia naye kwanza, jina la marehemu utalijua baadaye. Mama Zuhura, jirani yetu Mswahili wa Mombasa, akaingia na leso mbili (ndizo kanga) akamkumbatia, wengine wakaja na masufuria ya chai, akina mama wa kanisa wakaanzisha wimbo, wanaume wakatoa kitanda changu nje ili wafiwa wapate pa kukaa (kitanda changu, uwanjani, na shuka yake ya viraka).

Mimi niko bafuni, sabuni machoni, nasikia kilio kinatoka kwangu. Nikajua Agneta amekufa, sikuwaza lingine. Nikakimbia. Nilipofika mlangoni nikaliona lile kundi, nikamwona mama mkwe, ndipo nikahisi upepo mahali ambapo mtu hapaswi kuuhisi mbele za watu, kwa sababu taulo lilikuwa limebaki kwenye msumari wa bafu.

Wimbo ulikatika. Mama mkwe akafunika uso. Mama Zuhura ndiye aliyeinuka, akanizungushia leso, akanisukuma hadi chumbani kwake, na hakucheka hata kidogo. Nikamuuliza Agneta yuko wapi, akasema yule pale anakuja na samaki, sasa niambie aliyekufa ni nani. Nikasema sijui.

Akaenda kumuuliza mama mkwe, akarudi amekunja uso.

“Wale watatu wa ukutani walikuwa nani kwako?”

Nikamwambia mmoja ni uhuru, mmoja kiwanda, mmoja kwaya. Hapo ndipo alipoketi chini akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaenda kuzichomoa medali, akamwekea mama mkwe mkononi moja moja na kumweleza. Nilisikiliza nimebandika sikio ukutani kwa Mama Zuhura. Agneta akaanza kulia, nami nikajua kesho anaondoka. Halafu mama mkwe akasema kwa sauti, makusudi nisikie:

“Mwambieni huyo mtu nilikuja kuona kama mwanangu ana watu huku Nairobi. Nimelia mara moja nyumba ikajaa, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Azalie hapa.”

Nililia ndani ya leso ya watu.

Ile chai ilinywewa yote, na kondoo wa kuondoa aibu, ambaye mila yetu humdai mwanamume aliyeonwa uchi na mama mkwe, nilimtoa bila kubisha. Mtoto alipokuja, Mama Zuhura ndiye aliyempokea kwa mikono yake. Siku hizi mkwe yeyote akinitembelea sigusi maji ya kuoga mpaka aage. Lakini majirani wale walikuja kunililia bila kujua wanamlilia nani, na nawashukuru mpaka leo, nikiwa nimevaa kamili.